Kima Aliyekula Nyama ya Gulioni

Tuda binti Akka aliporudi nyumbani mlimani kutoka chuo kikuu cha Rabati, alikuja na begi moja la nguo, hadubini iliyofungwa kwenye blanketi, na masanduku mawili ya vichupa vitupu. Majirani waliokuja kumwamkia walidhani vichupa ni vya dawa, na wengine walikwisha kuanza kutaja maumivu yao ya magoti. Alipowaambia ni vya kutilia mavi ya kima, hakuna aliyecheka mbele yake. Walijizuia mpaka walipofika kwa Basu.

Basu alikuwa na kibanda cha chai na karanga kando ya barabara ya Azru, pale msitu wa mierezi unapoanza, ambapo wageni husimamisha magari kuwatazama kima wasio na mikia. Yeye na Akka walikuwa marafiki tangu walipokuwa wachunga kondoo wenye makamasi puani. Ndiye aliyempa Akka jina la Mama Tuda, miaka ile Akka alipofiwa na mkewe akabaki na mtoto mchanga, akakataa kumpa dada yake amlee. Alimfunga mtoto mgongoni chini ya joho la sufu na kwenda naye malishoni, mvua na theluji. Wanaume walimcheka. Akka hakukasirika, na jina likamkaa.

"Mama Tuda," Basu alimwita asubuhi ya kwanza alipomwona anapita na bintiye, sanduku la vichupa begani. "Zamani ulibeba nepi. Sasa mtoto kakua, kakupandisha cheo."

"Wivu tu," Akka alijibu bila kusimama. "Wako amesoma, amekuletea nini?"

"Wangu ananiletea sukari na sabuni."

"Basi kunywa sabuni, sisi tuache na kazi yetu."

Tuda alicheka mpaka akakosea hatua. Alikuwa amekaa mjini muda mrefu, na alisahau jinsi wazee hawa wawili walivyokuwa wakisalimiana.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Tuda alitaka kujua minyoo gani inaishi matumboni mwa kima wa barabarani, wanaoshiba karanga na mikate ya wageni, na minyoo gani inaishi kwa wenzao wa msitu wa ndani, wanaokula majani, mbegu na magome ya miti. Ilibidi kuwafuata taratibu, kukaa chini, na kungoja. Kima akishajisaidia na kuondoka, Tuda anasogea na kijiko chake kidogo, anachota kinyesi kingali na joto, anatia kichupani, anaandika ni cha nani. Akka aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Miaka yote ya kuchunga ilikuwa imemfundisha kukaa kimya, na sasa alikuwa anakaa kimya karibu na mwanawe.

Alasiri walirudi nyumbani, na Tuda akaweka hadubini kwenye meza ya dirishani. Alichanganya uchafu ule na maji ya chumvi, akachuja kwa kitambaa, akangoja mayai ya minyoo yaelee juu, halafu akaweka tone kwenye kioo. Siku moja alimwita baba yake achungulie. Akka alifumba jicho moja. Aliona duara la mwanga, na katikati ya mwanga kitu cha rangi ya chai, umbo la ndimu, chenye kifundo kila ncha.

"Ni nini hiki?"

"Yai la mnyoo, baba. Limetoka kwa yule dume mwenye sikio lililochanika."

"Zuri," Akka alisema, na alishangaa kujisikia akisema hivyo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Tuda hakulijua. Tangu theluji ilipoyeyuka, tumbo la baba yake lilikuwa halimpi amani. Lilimnyonga asubuhi kabla hajala, likatulia, likamnyonga tena. Kuna siku alikula mkate mzima na bado akasikia njaa, na kuna siku harufu ya siagi ilimtia kichefuchefu. Alitoboa tundu jipya kwenye mshipi wake, kisha jingine. Na mwanzoni mwa kiangazi, alipokwenda haja nyuma ya zizi, aliona vipande vyeupe, bapa, kama tambi zilizokatwa kwa kisu. Alivifukia kwa mguu haraka asivitazame mara ya pili. Alidhani ni utumbo wake unakatika, unatoka kidogo kidogo.

Itto, mkewe, alianza vivyo hivyo. Nguo zilimpwaya, hamu ya chakula ikamwisha, akapungua kama sabuni majini. Walipomfikisha kwa daktari mjini Meknesi, daktari aliliminya tumbo lake, akatoka nje kuzungumza na Akka kwenye korido. Tuda alikuwa bado anatambaa.

Kwa hiyo Akka alikuwa ameshajihukumu. Hakuogopa sana kufa, au ndivyo alivyojiambia. Alichoogopa ni kwamba mwanawe angejua. Akienda zahanati ya Azru, muuguzi ni shemeji ya fundi seremala, na fundi seremala hanyamazi hata akiwa na misumari mdomoni. Habari ingefika nyumbani kabla yake yeye. Tuda angefunga hadubini kwenye blanketi, angeacha chuo, angekaa jikoni kumkorogea baba yake uji mpaka mwisho. Akka hakumlea kwa ajili hiyo. Basi alikunywa chai ya pakanga kila asubuhi, chungu kama nyongo, na alipoulizwa mbona amekonda alisema ni uzee.

Siku moja walikuwa msitu wa ndani, chini ya mwerezi uliochunwa magome. Kundi lilikuwa linapita polepole, na nyuma kabisa alikuja kima jike mmoja mzee ambaye Tuda alimwita Bi Kizee. Nyonga zake zilichomoza, manyoya yamefifia. Alikaa, akapumzika, akasogea tena.

"Huyu kakonda," Akka alisema.

"Namwona. Namfuata tangu juzi, hajanipa kitu."

"Ukipata chake utajua ana nini?"

"Kama ni minyoo nitajua."

"Na kama siyo minyoo?"

"Nitajua kuwa siyo minyoo. Hilo nalo ni jibu, baba."

Akka alikwaruza udongo kwa kijiti. "Mwenye minyoo hufa?"

"Wengi huishi nayo mpaka wazeeke. Mnyoo mwenye akili haui mwenye nyumba, atalala wapi?"

Hapo dume moja kubwa lilipita mbele yao, na kitoto cheusi kikiwa kimelishikilia manyoya ya tumboni. Lilikaa, likakigeuza kile kitoto, likakichambua kichwani kwa vidole vyake vinene, na kitoto kikatulia kama kinaoshwa.

"Si lazima kiwe chake," Tuda alisema kwa sauti ya chini. "Madume ya kima hawa hulea tu."

"Na wenzake hawamcheki?"

"Labda huko kwao naye wanamwita Mama Fulani."

Akka alitabasamu, lakini moyo wake ulikuwa mahali pengine. Alikuwa bado kwenye lile neno, kwamba hilo nalo ni jibu.

Kesho yake aliamka kabla ya bintiye. Kwenye sanduku alichukua kichupa kimoja, akaenda nacho nyuma ya zizi. Aliona haya mbele ya kondoo wake mwenyewe. Alipomaliza alichota kidogo kwa kijiti, na kwa kuwa hakuwa mjinga, alichanganya na udongo na sindano za mwerezi, yale majani yake membamba, alizoziponda kwa jiwe, mpaka akaridhika kwamba hata mama yake kima angedanganyika. Alifunga kifuniko, akanawa mikono mpaka viwiko, akatia kichupa katika mfuko wa ndani wa joho.

Msituni alijitenga kidogo, kama mtu aliyefuata nyayo. Akakaa huko kitambo. Aliporudi, alimpa Tuda kichupa bila kumtazama usoni.

"Bi Kizee ametujalia."

Uso wa Tuda uling'aa. "Umemwona mwenyewe anatoa?"

"Aliyetoa nimemwona," Akka alisema. "Kwa macho yangu."

Tuda aliandika, akashukuru, akamshika baba yake bega. Akka alitamani ardhi impasukie.

Alasiri hiyo alikaa kwenye zulia, mgongo ukutani, akijifanya anashona hatamu ya punda. Tuda alichunguza kichupa kimoja, kisha kingine. Alipofungua kile cha Bi Kizee alisita kidogo, akakisogeza mbali na pua, akakirudisha. Alichanganya, akachuja, akangoja. Akaweka tone kwenye kioo, akainama.

Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mkono wake ulizungusha kile kigurudumu cha pembeni, mbele, nyuma. Sindano ya Akka ilisimama kwenye ngozi.

"Baba."

"Naam."

"Huyu Bi Kizee." Tuda hakugeuka, jicho lake lilibaki pale pale kwenye hadubini. "Unadhani anakula nini?"

"Si vile vile wanavyokula wenzake. Majani. Mbegu."

"Haendi gulioni?"

Akka alilamba midomo. "Kima aende gulioni kufanya nini?"

"Sijui. Labda Jumanne huwa anapita kwa wachoma nyama. Labda anapenda nyama ya kusaga ya ng'ombe, ile isiyokaa motoni sana, akisema ikiiva inapoteza utamu wake."

Nje kondoo alilia, mwingine akamjibu. Akka alijua kwamba ameshakamatwa, na alijua pia kwamba mwanawe amegeuzia uso dirishani makusudi, ili asimwone anavyotahayari. Ukarimu huo ulimwumiza kuliko aibu yenyewe.

"Huenda," alisema mwishowe. "Huenda huwa anapita huko."

"Basi ndiyo maana. Nilichokiona hapa ni yai la tegu. Ni mnyoo mrefu, bapa, wa pingili pingili. Hakai kwa kima, hata siku moja. Anapita kwa ng'ombe, halafu anaishia tumboni mwa mtu aliyekula nyama mbichi. Pingili zake hukatika na kutoka nje, nyeupe, kama vipande vya tambi. Mtu asiyejua anaweza kudhani ni kitu kibaya."

"Kibaya kama nini?"

"Kama utumbo wake unaoza."

Akka alishika hatamu kwa mikono yote miwili. "Na ukimpata kima huyo," aliuliza, na sauti yake ilitoka nyembamba, "ungemwambiaje?"

"Ningemwambia hafi. Ningemwambia kuna vidonge, anavimeza, na tegu anakwisha. Ningemwambia aende kwa daktari kesho asubuhi, nami nitamsindikiza."

"Na kama anaogopa..." Akka aliacha, akaanza upya. "Na kama anaogopa kwamba ni ule ugonjwa uliomuua mkewe?"

Hapo Tuda aligeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na jicho la kulia lilikuwa na alama ya duara ya hadubini. Alivuka chumba, akapiga magoti kwenye zulia, akaweka kichwa begani kwa baba yake kama alivyokuwa akifanya utotoni alipopatwa na baridi.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu theluji ilipoyeyuka."

"Na umenyamaza muda wote huo."

"Ungeacha masomo."

"Ndiyo, ningeacha. Kwa wiki moja." Sasa alikuwa ameanza kukasirika, na hasira yake ilikuwa ileile ya mama yake, ya kuongea taratibu huku akikunja na kukunjua pindo la nguo. "Wiki moja, tungekwenda, tungerudi, ungekuwa unakula. Badala yake umekaa miezi unajichimbia kaburi peke yako, na mimi niko chumba hiki hiki nahesabia kima minyoo yao. Unajua ungenifanya nini kama ningekuja kujua baadaye?"

"Sikulifikiria hilo."

"Hukulifikiria."

"Nilifikiria wewe tu," Akka alisema.

Tuda alifuta pua kwa kiganja. Walikaa hivyo mpaka mwanga ukahama kwenye zulia. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, baadaye akashindwa kujizuia.

"Nini?"

"Sindano za mwerezi, baba. Ulizisaga kwa nini?"

"Kwa jiwe."

"Hakuna tumbo la kima lililowahi kusaga kitu vizuri namna ile."

Asubuhi walishuka Azru pamoja. Muuguzi, shemeji ya fundi seremala, aliwapokea kwa macho makali yenye hamu, lakini daktari alifunga mlango. Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Aliliminya tumbo la Akka kila upande, akamuuliza mambo mengi, akapima damu, na Akka akamtazama usoni akisubiri amwombe Tuda watoke kwenye korido. Daktari hakumwomba. Aliandika dawa pale pale, akasema tumbo ni laini, ini ni zuri, maelezo yote yanaelekea kwa tegu na si kwingine. Arudi baada ya miezi michache achunguzwe tena, na nyama aile iliyoiva.

"Iliyoiva kiasi gani?" Akka aliuliza.

"Mpaka umsikitikie ng'ombe," Tuda alijibu kabla ya daktari.

Akka alimeza vidonge vyake nyumbani, mbele ya bintiye, akanywa maji, akalala chali kama mtu anayesubiri kuchinjwa. Hakuna lililotokea ila kizunguzungu kidogo na tumbo kunguruma. Siku zilizofuata alikwenda nyuma ya zizi akirudi na uso wa mtu aliyepata habari njema asizoweza kuzisimulia mezani. Vile vipande vyeupe havikuonekana tena. Njaa ikamrudia, njaa ya kawaida, ile inayokwisha mtu akila.

Basu aliona tofauti kabla ya kuambiwa. Walipopita kibandani kwake alimtazama Akka juu mpaka chini.

"Mama Tuda, umenona. Ulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na mpangaji," Akka alisema. "Amehama."

"Mpangaji wapi?"

Akka alijipiga tumboni. Basu alielewa taratibu, na uso wake ukabadilika. Aliweka birika chini.

"Na hukuniambia hata mimi."

"Nilidhani ni ule wa Itto."

Mficha maradhi kilio humuumbua, Basu alianza kusema, akaishia katikati, akamimina chai ya mnanaa katika glasi tatu na kuziweka mbele yao. Alimpa Tuda kubwa zaidi. Wakati wanaondoka alimwambia binti, kwa sauti ambayo alidhani Akka haisikii, "Mwangalie sana huyo. Nikimkosa nitamtukana nani?"

Bi Kizee alikuwa bado hajatoa kitu, kwa sababu alichodaiwa kutoa hakikuwa chake. Walimfuata tena, na safari hii Tuda hakumruhusu baba yake ajitenge hata kwa hatua chache. Walimpata asubuhi moja ya ukungu, karibu na chemchemi. Tuda alichunguza alasiri, akatikisa kichwa.

"Anayo michache, kama wenzake. Si inayomkondesha. Ni mzee tu, baba."

"Maskini," Akka alisema. Halafu, baada ya kufikiri: "Basi si vibaya, kuwa mzee tu."

Jioni ya mwisho kabla Tuda hajarudi Rabati, mvua baridi ilikuwa inanyesha na milima ilikuwa imejificha. Alipika nyama ya kusaga kwenye mkaa mpaka ikawa nyeusi kingo, na Akka akaila yote akinung'unika kwamba anatafuna kiatu. Masanduku yalikuwa mlangoni, vichupa vimejaa, vimefungwa kwa kamba. Tuda aliongeza kuni, akakaa karibu na moto, miguu chini ya blanketi moja na baba yake.

"Baba, hujawahi kunisimulia mama alivyougua."

Akka alitafuna polepole, ingawa kinywani hakukuwa na kitu tena.

"Ulikuwa mdogo."

"Sasa nimekua."

"Ni habari ndefu. Na haianzi kwenye ugonjwa," alisema. "Ukitaka nikuambie alivyougua, kwanza nikuambie alivyokuwa akila. Mama yako alikuwa anakula kama mvunaji. Siku ya harusi yetu wageni walimkuta jikoni na mguu wa kondoo mkononi, na vazi la harusi limejaa mafuta, wala hakuona haya..."

Tuda alivuta blanketi mpaka kidevuni na kumgeukia, na Akka akaendelea kusimulia.